Ndege Anayewaita Watu Kwenye Asali

Je, msomaji, wamjua mlembe? Ni ndege mdogo wa rangi ya kijivu, si wa kupendeza macho. Lakini Waborana wa kaskazini mwa Kenya humwita kwa mluzi, naye akija hulia kwa kelele akiruka mti hadi mti mpaka walipo nyuki. Watu hutia moshi, hupasua gogo na kurina asali. Mlembe hubakiwa na nta na majana, chakula ambacho mdomo wake haufikii ndani ya mti au mwamba.

Hii si ngano. Mwaka 1989 mtafiti Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha hesabu yao: bila mlembe, Waborana walitafuta nyuki kwa karibu saa 9, wakiongozwa naye, saa 3 hivi.

Lakini usimdhanie malaika! Hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake huwaua makinda ya mwenye kiota. Kwa hiyo si wazazi wanaomfundisha kuita. Na pale watu walipoacha kurina, wakanunua sukari dukani, mlembe naye huacha kuwaita.