Andika Ombi Litakalokufaa Hata Ukinyimwa

Mwaka 2019 taasisi ya Tony Elumelu ya Nigeria, ambayo humpa kila mjasiriamali inayemchagua dola 5,000 za Marekani zisizorudishwa, ilipokea maombi zaidi ya 200,000 kutoka pande zote za Afrika. Waliopita walikuwa 3,050. Katika kila waombaji mia, hawakutimia wawili. Anayeanza biashara akiitazama hesabu hii huelekea kufanya moja kati ya mambo mawili: ama anakata tamaa asiombe kabisa, ama anaomba kama anayecheza bahati nasibu, anajaza fomu usiku mmoja kisha anakaa kusubiri simu. Yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni kudhani kwamba faida ya kuomba ruzuku ni fedha peke yake. Ingekuwa hivyo, kuomba kungekuwa kazi ya hasara, maana walio wengi hutoka mikono mitupu. Ninachosema hapa ni kwamba ombi la ruzuku lina maana pale tu linapoandikwa kwa namna itakayomwacha hata aliyenyimwa na biashara iliyonyooka kuliko aliyokuwa nayo kabla ya kuomba.

Kwanza tutenganishe vitu vinavyochanganywa kila siku. Ruzuku ni fedha, kifaa au huduma unayopewa kwa masharti ya matumizi, bila deni la kurudisha. Mkopo nafuu si ruzuku, hata ukitoka serikalini na hata usipokuwa na riba. Tanzania, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo hazina riba, lakini zinarejeshwa. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ukarudi mwaka 2024, baada ya malalamiko ya miaka mingi kuhusu marejesho yaliyokwama. Kenya, Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022 ni mkopo wenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ilhali MbeleNaBiz lilikuwa shindano la michanganuo ya biashara lililowapa baadhi ya washindi ruzuku ya shilingi 900,000 za Kenya na wengine shilingi milioni 3.6. Anayechukua mkopo akauhesabu kuwa zawadi hujitia kitanzi. Anayeikimbia ruzuku kwa kuogopa deni lisilokuwapo hujinyima mwenyewe.

Kutafuta ruzuku nako kuna nidhamu yake. Nyingi hutangazwa kwa wiki chache tu, kwa hiyo anayeanza kukusanya nyaraka baada ya kusikia tangazo huwa amechelewa. Namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara, leseni, akaunti ya benki na taarifa ya miamala ya simu ni vitu vya kuwa navyo kabatini mapema. Kwa Tanzania, ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri na ofisi ya mkoani ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuulizia, na kila tangazo lililopita kwenye makundi ya WhatsApp lithibitishwe kwenye tovuti ya mfadhili mwenyewe. Ukiambiwa utume ada kidogo ili jina lako liingizwe kwenye orodha, jua umekutana na tapeli: mfadhili wa kweli anatoa fedha, hana haja na elfu kumi yako. Tena usitazame fedha taslimu tu. Msindikaji mdogo wa vyakula Tanzania mwenye barua ya utambulisho ya SIDO huweza kupata nafuu ya gharama za kuomba alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango la nchi hiyo. Hiyo ni ruzuku kamili, ingawa haipiti mkononi mwake, na watu hawaipigi vikumbo kama wanavyopigania hundi.

Sasa tuje kwenye ombi lenyewe. Fomu za wafadhili hutofautiana sura, lakini maswali yake ni yale yale: unamuuzia nani, unauza kiasi gani, kila bidhaa inakugharimu kiasi gani, na fedha unazoomba zitabadili nini. Tuchukue mfano wa kubuni wa mama anayetengeneza unga wa lishe. Anauza kilo 200 kwa mwezi, na kila kilo anaisagisha kwa shilingi 150. Ndoto yake ni kuomba mashine ya shilingi 1,800,000. Akikaa chini kujibu swali la mwisho la fomu, atagundua kwamba kusagisha kunamgharimu shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani mashine ingehitaji miezi 60 kurudisha bei yake, bado umeme na matengenezo hajavihesabu. Akiendelea kupekua daftari lake, ataona kuwa kinachombana si kusaga. Maduka makubwa yanakataa unga wake kwa sababu hauna alama ya ubora wala kifungashio kinachoeleweka. Ombi lake linageuka kuwa la alama ya ubora na vifungashio, na hata mfadhili akilitupa, mama huyu ameepuka kuifukuzia mashine ambayo isingemsaidia. Asiyekuwa na daftari angeandika kwamba anataka kukuza biashara, akaishia hapo, na kukataliwa kusingemfundisha lolote.

Ushahidi wa watafiti unalipa uzito jambo hili. Nigeria mwaka 2011 ilianzisha shindano la YouWiN!, ambalo awamu yake ya kwanza ilivuta karibu waombaji 24,000 na kuwapa washindi 1,200 ruzuku ya wastani wa dola 50,000. Mchumi David McKenzie aliwafuatilia na kukuta kwamba fedha zilifanya kazi: baada ya miaka mitatu biashara za washindi zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na ya kuajiri watu kumi au zaidi. Lakini yeye na mwenzake Dario Sansone walipolinganisha alama za majaji na maendeleo ya biashara zenyewe, hawakuona uhusiano. Mchanganuo uliopewa alama za juu haukuashiria biashara itakayodumu wala itakayouza zaidi. Kwa hiyo barua ya kukataliwa isisomwe kama hukumu ya biashara yako. Majaji walisoma karatasi, na karatasi haikuweza kuwaambia yatakayotokea sokoni. Anayebaki na uwezo wa kuijua biashara yake siku hadi siku ni mwenyewe, kwa hesabu alizozikusanya alipokuwa akiomba.

Uganda inatupa somo la pili. Kaskazini mwa nchi hiyo serikali iliwaalika vijana kuunda vikundi na kuandika maombi ya fedha za kujifunza ufundi na kununua vifaa. Vikundi 535 vilivyostahili viliingia kwenye bahati nasibu, na 265 vikapewa fedha, wastani wa dola 382 kwa kila mtu. Baada ya miaka minne, kipato cha waliopewa kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha wenzao. Watafiti waliporudi baada ya miaka tisa, pengo hilo la kipato lilikuwa limezibika, si kwa sababu waliopewa walianguka, bali kwa sababu waliokosa waliwafikia. Miaka ya mwanzo ya unafuu si kitu cha kubeza kwa kijana maskini, na mali waliyoipata washindi haikupotea. Hata hivyo matokeo haya yanaonyesha kwamba ruzuku huwahisha safari, na aliyenyimwa naye anaweza kufika, ilimradi asiketi njiani akingojea gari lililokwisha kupita.

Wapo watakaopinga kwamba ruzuku ni za wenye kujuana, kwa hiyo bidii ya kuandika ni bure. Upendeleo upo, na kuukana ni kumdanganya msomaji. Lakini kama mchujo hauaminiki, ndiyo sababu zaidi ya kutoitegemeza kazi yako yote kwa mchujo huo. Wengine watasema fomu zimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, na mwuza mihogo hana hesabu za kuonyesha. Lawama hiyo ni ya haki, na wafadhili wanaotaka kuwafikia wadogo wanapaswa kuandika kwa lugha ya wadogo. Hata hivyo hesabu yenyewe haina lugha: miezi mitatu ya kuandika mauzo na matumizi kila jioni, kwa Kiswahili na kalamu ya wino, inatosha kuwa msingi wa ombi ambalo mwingine atakusaidia kulitafsiri. Pingamizi zito kuliko yote ni la muda, kwamba saa za kufukuzia wafadhili ni saa zilizoibwa kwa wateja. Hapa nakubali na naweka mpaka: swali la fomu ambalo jibu lake lisingekusaidia kuendesha biashara yako ni dalili kwamba ruzuku hiyo si yako. Anayeibadili biashara yake kila mwezi ili ifanane na vigezo vya mfadhili mpya ataishia kuwa na michanganuo mingi na wateja wachache. Tena wafadhili nao huondoka. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa nguzo ya miradi mingi kwa miongo, na Julai 2025 likasitisha shughuli zake.

Turudi kwa yule mama wa unga wa lishe. Tuseme ombi lake limekataliwa, kama yanavyokataliwa mengi. Bado anajua kila kilo inamletea faida kiasi gani, ana leseni na namba ya mlipakodi kwenye bahasha moja, na ana hesabu za kuwaonyesha wenzake wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, wakimuuliza mkopo wa vifungashio utalipwaje. Jumatatu asubuhi hana simu ya mfadhili ya kungojea. Ana safari ya SIDO, kuomba barua ya utambulisho.