Moyo wa Mtoto Avukaye Maji

Kila mwezi wa Januari, shule za sekondari zinapofunguliwa, mitumbwi itokayo Rukuba huteremsha kwenye mwalo wa Mwigobero abiria ambao si wachuuzi wa samaki wala mafundi wa nyavu. Ni watoto wa miaka 13 na 14. Mmoja ameshika godoro lililofungwa kwa kamba, mwingine ndoo na sufuria, na yuko aliyejitwika mfuko wa unga wa muhogo aliopewa na bibi yake. Wenzao wa Nafuba nao huvukia upande wa Bunda. Wapo wapatao nafasi bwenini, wapo wanaokaa kwa shangazi au mjomba, na wapo ambao wazazi huwapangishia chumba Nyakato (twasema Nyakato ya hapa Musoma, si ile ya Mwanza), wakajipikia na kujitunza kana kwamba ni watu wazima.

Matatizo ya watoto hawa yamesemwa mara nyingi: kodi ya chumba, utoro, mimba, usalama wa njiani. Leo twaomba radhi ya wasomaji tuzungumze jambo lisiloonekana kwa macho, ambalo ni nadra kusikika katika vikao vya maendeleo. Nalo ni moyo wa mtoto huyo na mishipa yake ya damu.

Tutazame kwanza alichokiacha nyumbani. Kisiwani alikuwa akiteka maji ziwani, akipiga kasia, akianika na kuanua dagaa, na jioni akicheza mpira mchangani mpaka giza linaingia. Chakula chake kilikuwa ugali wa muhogo au mtama, sato au furu aliyevuliwa siku ile ile, viazi vitamu, na majani ya kunde. Hatusemi kwamba maisha hayo yalikuwa raha. Kulikuwa na kichocho, malaria na njaa ya msimu, na mtu asidhani tunatamani kumrudisha mtoto huko akakae bila elimu. Lakini kwa upande wa moyo peke yake, maisha yale yalikuwa kinga.

Sasa tumtazame akiwa Nyakato. Asubuhi hunywa chai yenye sukari tele kwa maandazi mawili. Saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, hukimbilia langoni kununua krispi za pakiti na kinywaji cha rangi. Jioni, mwenye fedha hula chipsi alizonyunyiziwa chumvi mara mbili, mara ya kwanza na muuzaji na mara ya pili kwa mkono wake mwenyewe kabla hata ya kuonja. Asiye na fedha huchemsha mchuzi na kuukoleza kwa viungo vya pakiti, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi. Maji yako bombani, shule iko karibu au bodaboda iko karibu, na kiwanja cha mpira kimekuwa kiwanja cha kujengea nyumba. Usiku hukaa na simu, na saa za kulala zinapungua.

Pengine msomaji atauliza: chumvi na maandazi vina hatari gani kwa mwili wa miaka 14, ulio imara kama mti mbichi? Tutamjibu kwa habari mbili zilizotokea karibu nasi kabisa.

Mwaka 1929, daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kazi yake katika hospitali ya Kisii, upande wa Kenya, mahali ambapo kutoka mpaka wetu wa Sirari ni safari ya saa chache tu kwa gari. Alikuwa amewapima shinikizo la damu watu wapatao elfu moja. Wakati huo Ulaya ilikuwa inajulikana kwamba shinikizo hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Donnison hakuliona jambo hilo Kisii. Wazee aliowapima hawakuwa na shinikizo lililozidi la vijana, na katika miaka miwili, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini pale, hakukutana hata na mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la juu la damu. Hao ni majirani zetu, wenye nafaka kama zetu na mifugo kama yetu. Basi wale wanaosema kwamba presha ni kitu cha ukoo wetu, au kwamba ni mapenzi ya Mungu kwa kila mwenye mvi, imewapasa kuifikiri habari hiyo.

Habari ya pili ni ya miaka ya 1980. Watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuatilia Wajaluo wa miaka 15 hadi 34 waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Yaliyoonekana ni ya kushangaza kwa upesi wake: waliohama walikuwa na shinikizo la damu la juu kuliko waliobaki, na tofauti hiyo ilionekana hata mwezi mmoja tu baada ya kufika mjini. Mapigo ya moyo wao yalikuwa ya kasi zaidi, uzito umeongezeka, na mkojo wao ulionyesha kwamba sodiamu, yaani ile iliyomo katika chumvi, imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu, ambayo mwili huipata katika viazi, ndizi, maharage na mboga za majani. Damu ya ukoo ni ile ile na umri ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali na sahani.

Ndugu zetu Wajaluo wa Rorya hawahitaji kuelezwa umbali wa safari hiyo. Nasi twauliza: mtoto wa Rukuba avukaye maji kuja Nyakato ana tofauti gani na kijana yule aliyepanda basi kwenda Nairobi, ila kwamba yeye ni mdogo zaidi na hakuna anayemfuatilia?

Chumvi ikizidi katika damu, mwili huyashika maji ili kuisawazisha. Damu huongezeka wingi, na moyo hulazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Mishipa ya mtoto ni laini, huvumilia. Lakini uvumilivu huo ndio udanganyao, kwa kuwa mtoto haumwi kichwa wala hazimii, na mwalimu humwona anacheka. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walieleza walichokikuta katika mioyo ya askari 300 waliouawa vitani Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na zaidi ya watatu katika kila wanne walikwisha kuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayoulisha moyo. Baadaye, katika mji mdogo wa Bogalusa huko Louisiana, ulianzishwa utafiti wa watoto wa shule uliodumu miaka mingi, nao ulithibitisha kwamba mafuta huanza kujibandika katika kuta za mishipa tangu utotoni, na kwamba hujibandika zaidi kwa mtoto mnene, mwenye shinikizo la juu au mvutaji sigara.

Hapa kwetu, utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 25 hadi 64, takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Tangu Donnison alipochapisha makala yake hata mwaka huo ni miaka 83 tu. Hao watu wazima hawakuamka siku moja wakiwa wagonjwa.

Tuseme neno kwa ndugu wa visiwani, maana nasi tunakula jasho lao. Kayabo, yaani sangara aliyekatwa na kujazwa chumvi, ni biashara yenye heshima, na soko lake hufika hata Kongo. Hatuna ugomvi na biashara. Lakini mahali pengine desturi imegeuka: samaki mbichi wote huuzwa, na kinachobaki nyumbani kwa watoto ni vipande vya kayabo. Asiye na budi kuvila avilaze katika maji usiku mzima, ayamwage, abadili maji tena kabla ya kupika, kisha asiongeze chumvi katika sufuria. Dagaa waliokaushwa kwa jua bila chumvi ni bora mara nyingi. Tena tuelewane: hatusemi watu waache chumvi kabisa, wala warudie ile isiyo na madini joto, wasije wakakimbia presha wakakutana na rovu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto apewe pungufu ya hapo. Kijiko hicho kinahesabu pia chumvi iliyomo katika mkate, krispi na viungo vya pakiti.

Sukari nayo haina haja ya maneno mengi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 yaweza kuwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, na mzazi anayempelekea mwanawe kreti ya soda siku ya kutembelea shule kwa kuonyesha upendo, afadhali angempelekea ndizi. Kuhusu sigara, sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtoto aliye chini ya miaka 18, na wenye vibanda wanaijua.

Mazoezi yanatutia uchungu zaidi. Shirika hilo hilo lilieleza mwaka 2020 kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili hata jasho limtoke. Katika shule zetu nyingi michezo imekuwa kazi ya timu. Wachezaji waliochaguliwa kwa ajili ya UMISSETA hufanya mazoezi kwa bidii, na mamia waliobaki husimama kando ya uwanja wakishangilia. Mpira wa kushangiliwa haumsaidii moyo yule anayeshangilia. Na wasichana, ambao hata kusimama kando hawapewi nafasi kwa sababu ya foleni ya maji na jiko, wamesahauliwa zaidi.

Kuna ugonjwa mwingine wa moyo wa watoto ambao haufai kuchanganywa na huu, ila hatuwezi kuupita kimya. Mtoto akiugua koo kwa vijidudu vya aina fulani asitibiwe, mwili wake waweza kugeuka na kuziharibu valvu za moyo. Huo hautokani na chipsi bali na msongamano, umaskini na kucheleweshwa kwa penisilini. Wapo watoto wa kanda hii ambao hufika Bugando, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, valvu zikiwa zimekwisha kuharibika. Mzazi wa kisiwani aonaye mwanawe ana koo lenye maumivu na homa asingoje soko la Jumamosi ndipo avuke.

Sasa twageukia upande wa Serikali, nasi twasema kwa heshima lakini bila kuficha. Zahanati na vituo vya afya vina vipimo vya shinikizo la damu. Ila mkanda unaofungwa mkononi, mara nyingi, ni mmoja, nao umetengenezwa kwa mkono wa mtu mzima. Ukiufunga katika mkono mwembamba wa mtoto wa miaka 12, kipimo husoma pungufu. Mtoto mwenye shinikizo la juu huambiwa yu mzima akarudi darasani. Ukiufunga katika mkono mnene mno kwa mkanda huo, husoma zaidi, na mzima huambiwa ni mgonjwa. Huko Marekani, mwongozo wa madaktari wa watoto wa mwaka 2017 unataka kila mtoto apimwe kila mwaka tangu atimizapo miaka 3. Hatudai hayo yote kesho. Twajua idadi ya wauguzi wetu.

Wapo watakaosema kwamba mkoa wa pembezoni hauwezi kubadili tabia za watu wake. Nao wausikie mfano wa Karelia Kaskazini, mkoa wa maziwa na misitu huko mashariki ya Ufini, ambao wanaume wake walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo kuliko karibu watu wote duniani. Mwezi wa Januari mwaka 1971 wawakilishi wa wananchi wenyewe walitia sahihi ombi kwa serikali yao, na mwaka uliofuata kazi ikaanza. Akina mama wa chama cha Martha waliitisha jioni za mapishi kijiji kwa kijiji, watu wakala na kuona kwamba mchuzi wenye chumvi kidogo una ladha. Katika muda wa miaka isiyofika 50, vifo vya moyo miongoni mwa wanaume wenye umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Haikuanza kwa hospitali kubwa. Ilianza kwa barua na sufuria.

Barua yetu ni hii. Twamwomba Mganga Mkuu wa Mkoa, akishirikiana na Afisa Elimu, aanze na kidato cha kwanza kitakachoingia Januari ijayo katika shule za Nyakato na za jirani zake. Wapimwe shinikizo, uzito na kimo wiki wanapofika, wapimwe tena baada ya mwaka, na tena wanapomaliza kidato cha pili. Atakayeonekana na shinikizo la juu asitangazwe mgonjwa kwa siku moja. Apimwe siku tatu mbalimbali, akiwa ametulia, kwanza. Wakuu wa shule wapewe idhini ya kuwaondoa langoni wauza krispi na kuwakaribisha wauza viazi vilivyochemshwa na matunda. Halmashauri zitaje kwa jina viwanja vya shule vilivyobaki, na zivipimie mipaka kabla ya Januari hiyo. Na katika mahitaji yatakayopelekwa visiwani robo hii, pamoja na dawa na vitabu vya kumbukumbu, kila zahanati iandikiwe mkanda mmoja wa kupimia mkono wa mtoto.