Tezi ya Kwanza Kwapani

Mmewahi kupata mtoki, wajukuu? Unajikwaa kidole, kidonda kinatunga usaha, kesho yake kinena kimevimba na unachechemea. Hiyo ni tezi ya limfu, iko kazini. Makwapani nako zimejaa, mara nyingi 20 hadi 30 kila upande, nazo hupokea majimaji ya limfu kutoka kwenye titi kwa mishipa myembamba sana.

Saratani ikichipuka titini, seli nyeupe za damu, askari wetu, huuvamia uvimbe. Baadhi hubeba vipande vya seli za saratani hadi kwenye tezi ya kwapa na kuvionyesha kwa seli T. Hizo zikishamjua adui, huzaana na kwenda kupigana. Daktari akikitazama kipande cha uvimbe kwa hadubini, huziona zimejipenyeza humo. Kuna aina ya saratani ya matiti isiyosikia dawa za homoni na iliyo kali kuliko nyingine nyingi. Katika hiyo, kadiri askari hao walivyo wengi ndivyo mgonjwa anavyokuwa na matumaini zaidi.

Ila si askari wote waaminifu. Saratani huwarubuni baadhi ya makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu, wakaisaidia kuota mishipa ya damu ya kujilishia. Usaliti mtupu! Na mishipa ileile iliyopeleka habari kwapani, seli za saratani nazo huipita, zikaweka makazi ndani ya kituo cha askari.

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, aliondoa vyote: titi, misuli ya kifua na tezi za kwapa. Wanawake wengi waliopasuliwa hivyo walibaki na mkono uliovimba, maana limfu ilikosa pa kupita. Mwaka 1994 Armando Giuliano na wenzake walieleza njia ya upole: unadunga rangi ya buluu titini, unaifuata hadi tezi ya kwanza inayoipokea, unaitoa hiyo na kuipima. Ikiwa safi, nyingine huachwa.

Basi mkifika nyumbani waambieni mama, shangazi na dada, na baba pia, kwa kuwa wanaume nao huugua ingawa ni nadra: uvimbe wa titi au kwapa, hata usiouma, uonyeshwe daktari mapema.