Huna malaria lakini homa ipo? Kipimo cha dengi kinasoma siku

Homa kali, kichwa, viungo na nyuma ya macho kunauma. Umepima malaria Kilwa, majibu: huna. Usiishie hapo, huenda ni dengi.

Kipimo cha haraka cha dengi kinafanana na cha malaria: tone la damu, majibu ndani ya dakika 15 hadi 20, bila maabara kubwa. Ila kinatafuta vitu tofauti:

• NS1: protini ya kirusi chenyewe. Huonekana zaidi siku 5 za mwanzo.
• IgM: askari wa mwili. Huanza kuonekana siku ya 4 au 5.

Ndiyo maana ukipimwa NS1 peke yake siku ya 8, unaweza kuambiwa huna, kumbe unayo. Mtajie mhudumu siku homa ilipoanza.

Na ukikosa dengi pia, bado usipuuze. Julai 2022, homa iliyotia watu hofu mkoani Lindi ilikuja kugundulika ni homa ya mgunda: wagonjwa 20, vifo 3.

Kipimo hakipo? Dengi haina dawa yake maalumu. Kunywa maji ya kutosha, tuliza homa kwa parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni weka kando, zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, wahi hospitali, hata kama homa imeshuka. Hatari kubwa ya dengi huja homa inapoanza kushuka.