Bob Ilikufa London, Ikaamkia Eastlando

Tarehe 15 Februari 1971, Waingereza walibadilisha hesabu ya doo zao. Kabla ya hiyo siku paundi moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12, mambo ya kusumbua kichwa. Wakasema zii, kuanzia leo paundi ni peni 100, basi. Shilingi ikatoka kwa hesabu, na bob, jina ambalo wasee wa mtaa kule Uingereza walikuwa wameipa shilingi tangu karne ya 18, ikabaki bila wera. Siku hizi ni wazae wao ndio bado wanaikumbuka.

Sasa kuja hizi sides. Simama stage yoyote Nairobi, iwe Kencom, Githurai ama Donholm, uskie makanga akiita abiria: "Soo bob Ronga, soo bob Ronga!" Pasta akiomba sadaka anasema bob. Mbunge akipiga domo kwa mkutano anasema bob. Mathe wa mboga, dere, lecturer, karao, wote ni bob. Mkoloni alileta shilingi East Afrika mwaka wa 1921, ikachukua nafasi ya florini, ambayo yenyewe ilikuwa imeng'oa rupia mwaka mmoja tu nyuma. Kenya ikapata shilingi yake 1966, miaka mitano kabla Waingereza waanze kuitupa yao. Neno la mtaa wa London liliangushwa na wenyewe, sisi tukaliokota, na sasa ni letu kabisa. Mimi hiyo hunipa raha sana, ju tumezoea kuambiwa Sheng ni kuchafua lugha za watu. Hapa ni sisi ndio tumetunza.

Na bob haikukaa pekee yake. Mtaa uliijengea familia nzima. Silva ya five ni kobole, na kuna base zingine wanaiita guoko, mkono kwa Kikuyu, ju mkono ni vidole tano. Ten ni ashuu, ama kinde. Twenty ni mbao, ama blue, ju noti ya mbao ilikuwa ya rangi ya samawati. Hiyo noti ilishaenda, siku hizi mbao ni silva yenye ndovu, lakini kuna mbuyu hadi leo wakiitisha blue unawapea mbao bila kuuliza. Fifty ni finje. Mia ni soo. Mia mbili ni rwabe. Thao ni elfu, na ukiskia ngiri ni hiyo hiyo, imetoka kwa Kikuyu. Milioni ni mita. Halafu zinaunganishwa: soo na finje ni mia na hamsini, soo tatu ni mia tatu, thao na soo ni elfu moja na mia. Msee mgeni kutoka ocha akishuka Machakos Country Bus anaskia hizi hesabu zikirushwa juu ya kichwa chake, na kama hajui finje ni ngapi, kuna mtu atamtoza soo. Kwa hivyo hii si mapambo ya maneno. Ni kitu unafaa ujue ndio ufike keja na doo zako.

Kuna kitu kimoja hapa ambacho naona watu hawakitambui vile kinafaa. Cheki venye msee huomba. Hasemi "nipe soo." Anasema "niokolee na kasoo." Hako ka- hakatoki Kiswahili sanifu, ju huko ungeweka ki-. Kametoka kwa lugha za nyumbani, Kikuyu, Kikamba, Kiluhya, na kazi yake ni kupunguza uzito. Soo ni deni. Kasoo ni kitu kidogo kati ya mabeshte, hata ukisahau kurudisha hatutakosana. Thao ukiitisha hivyo hivyo unaogopesha mtu, lakini kathao kamoja tu, maze, kanaingia polepole. Na ukitaka kinyume chake, msee akitaka kuonyesha fulani ako na doo, anabadilisha mbele: "Huyo jamaa alitoa mathao pale." Mathao hazihesabiwi, ni kuonyesha zilikuwa mob. Silabi moja mbele ya neno inakuambia kama mtu anaomba ama anaringa, kabla hujaskia hata amesema nini. Hii ni sarufi, na hakuna mtu aliifunza darasani. Imekuja na maisha ya watu ambao kila wiki wanaombana.

Halafu kuna jirongo, neno ambalo linafaa kuingia kwa vitabu vya historia.

Noti ya 500 ilitoka 1988. Ilikuwa noti kubwa kushinda zote, ju ya thao ilikuja baadaye, 1994. Sasa ikafika 1992, Kenya imerudi kwa vyama vingi, uchaguzi ni Disemba 29, na KANU ya Moi inaskia joto. Ndio kikatokea kikundi cha mayut wa chama, YK'92, na kichwa chake alikuwa Cyrus Jirongo. Rais William Ruto naye alianzia siasa zake huko huko. Doo zikamwagwa kwa kampeni, noti mpya mpya za mia tano zikitembea kwa mikono ya watu ambao labda hawakuwa wamewahi kuishika. Mtaa haukuandika ripoti. Uliita hiyo noti jirongo, basi, kesi ikafungwa. Baada ya uchaguzi bei ya vitu ikapaa, shilingi ikaanguka vibaya, familia zikalia. Yut aliyezaliwa 2005 anasema "nirushie jirongo" na hajui anataja jina la mtu na kampeni iliyoumiza kina shosh wake. Nikipata nafasi mimi humwambia. Si kumfanya aache kusema, hapana. Ajue tu kile ako nacho mdomoni.

Na hiyo tabia ya mtaa kuwaandikia viongozi majina kwa mambo ya pesa haijaisha. Wakati mayut walitoka Juni 2024 kukataa Mswada wa Fedha, ule uliotaka kuweka VAT kwa mkate na kuongeza ushuru wa kutuma pesa kwa simu, rais alikuwa tayari ashabatizwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mkuyu. Bunge likavamiwa Juni 25, watu wakauawa, na kesho yake akasema hatatia sahihi. Jirongo na Zakayo zimetoka kwa mdomo mmoja, na mimi naziheshimu zote mbili.

Tukirudi kwa doo yenyewe, ile jumla. Neno unalotumia linatoa umri wako. Msee akisema chapaa, najua ameishi kidogo, ameona miaka ya tisini. Doo imetoka kwa Kiingereza cha mtaani pia, na imekaa sana, inaingia kila mahali, unaweza kuisema mbele ya mathe bila ngori. Ganji iko na ukali wake, ni ya wera na biashara: "Ganji imeingia?" Cheda na mulla ni za kwa ngoma na luku, msee akisema hizo kuna kitu anaonyesha. Ng'ambo ya Namanga, Tanzania, wana familia yao tofauti kabisa. Hela yao ilitoka kwa Mjerumani, ambaye 1904 aliweka heller kwa rupia ya koloni lake. Mia tano yao ni jero, elfu ni buku, na noti nyekundu ya elfu kumi wanaiita msimbazi, ju ni rangi ya Simba, timu yao ya mpira. Sisi tulipea noti jina la mwanasiasa, wao wakaipea jina la timu. Nikiambiwa nichague, nachukua yao.

Kukosa nako kuna ngazi. Nimesota ni kawaida, ni leo, kesho kutakuwa fiti. Nimechacha ni mbaya zaidi, ni kama chakula kimekaa hadi kimeharibika, hapo msee hata kwa base haonekani. Kutoka huko hadi ng'ambo ile ingine ni kuomoka, na hiyo ndiyo ndoto ya kila yut Kayole, Dandora, Kibich. Haimaanishi tu kuwa na doo. Ni ile mbio ya kutoka chini, mathe akae poa, uhame bedsitter. Ndio maana unaskia "nitaomoka tu," wakati wote iko mbele.

Tangu M-Pesa ije Machi 2007, noti zimepungua mkononi lakini majina yamekataa kuenda. Kilichobadilika ni vitendo. Zamani soo ulipewa, ukashikishwa. Sasa unarushiwa. "Nirushie finje," "nirushie na ya kutoa," hiyo ya kutoa ikiwa makato ya ejenti, na mtu akisahau kuiweka inaonekana kama hakukupenda vizuri. Fuliza, mkopo wa M-Pesa, ikafika 2019 na haikuchukua muda mtaa ukaigeuza kitendo: "Nimefuliza hadi mwisho." Silva ya mbao hauwezi kuishika kwa simu, lakini makanga bado anaita mbao, na wewe unaandika namba 20 kwa skrini ukisema mbao kwa roho.

Odijo wangu mmoja alikuwa anatupiga ju ya Sheng, na wengi walikuwa hivyo. Siku hizi kuna masomo ya maana. Chege Githiora aliandika kitabu kizima 2018 akionyesha Sheng ni Kiswahili cha Kenya kinachokua, na Ghetto Radio inasoma habari kwa Sheng kutoka asubuhi. Hiyo ni poa. Lakini mimi naona kazi ya haraka iko kwa maneno ya chini kabisa, yale ya silva ndogo. Kobole inakufa. Haiuliwi na odijo, inauliwa na bei. Kitu cha five bob dukani ni nini sasa? Switi, labda. Mtoto ambaye hajawahi kutumwa na kobole hana sababu ya kujua jina lake, na ashuu iko nyuma yake kwa laini. Kama uko na mzae ama shosh ambaye amekaa Nai tangu zamani, Kaloleni, Pumwani, Jericho, mkalishe chini wiki hii. Muulize silva zilikuwa zinaitwa aje wakati wake, na kila moja ilikuwa inanunua nini. Rekodi kwa simu. Halafu anza kuyatumia hayo majina kwa base, uone ni gani litashika tena.