Bandiagara: genge lipo, waongoza watalii wanaondoka

Biashara ya kuwatembeza wageni kwa siku moja kwenye makazi ya kale ya genge la Bandiagara, katikati ya Mali, iliwahi kulisha watu wengi kuliko wenye hoteli peke yao. Mgeni alishuka kwa miguu hadi vijiji vya Wadogon kama Teli au Ireli, akaonyeshwa vyumba na vihenge vya udongo ambavyo Watellem, watu waliowatangulia Wadogon hapo, walivijenga mapangoni, juu kwenye uso wa mwamba, kati ya karne ya 11 na ya 16. Madereva, wapishi na wachonga vinyago wote walipata chochote. Vita vya 2012, na zaidi mauaji ya 2019 katika vijiji vya mkoa wa Mopti, vilikata riziki hiyo. Ofisa mmoja wa utalii anapoulizwa hali ikoje hutaja vijiji 289, hekta 400,000 na hadhi ya urithi wa dunia tangu 1989. Ni takwimu sahihi, ila ni za orodha ya urithi. Hazisemi vijiji vingapi vimechomwa, vingapi vimehamwa, wala njia ipi inapitika.

Mwongoza watalii mmoja, ambaye sasa anategemea shamba la vitunguu, ana hesabu nyingine. Analalamika kwamba wakala wa mjini alilipwa mapema, kabla mgeni hajapanda ndege, ilhali yeye alipewa posho ya siku. Wageni walipokoma hakuwa na akiba. Lalamiko hili lina uzito kwa sababu bidhaa inayouzwa pale ni maarifa yake. Ndiye anayejua jiwe lipi ni la tambiko na halikanyagwi, na mzee yupi asalimiwe kwanza kwa kokwa za kola, chini ya banda la baraza ambalo paa lake ni la chini makusudi, mtu akipandwa na hasira asiweze kusimama wima.

Wapo wanaosema genge halihami, hivyo amani ikirejea wageni watarejea. Huenda. Lakini kuta za udongo zisipokarabatiwa huliwa na mvua, na kijana aliyekwenda Bamako kutafuta kazi hafundishwi njia za mwambani na babu yake. Isitoshe, serikali za Ulaya zikishaonya raia wao wasisafiri, bima nyingi hukataa kulipa. Pwani ya Kenya iliyaonja maonyo hayo mwaka 2014. Wageni wa ndani wanaweza kusaidia kidogo, japo barabara wanayopita ni ileile.

Kwa hiyo fedha ya kufufua utalii huu, kama kweli ipo, isianzie kwenye mabango na makongamano. Ianze kwa kuwalipa waongozaji na mafundi wa udongo waliobaki vijijini, sasa, kabla mgeni wa kwanza hajafika.