Kutafuta Kazi kwa Njia ya Mtandao: Maandalizi Yanayotangulia Tangazo

Tangazo la nafasi za kazi katika utumishi wa umma hudumu kwa kawaida majuma mawili hivi. Kwa kijana wa Ilembo, hapa katika Manispaa ya Mpanda, majuma hayo ni yaleyale aliyopewa kijana wa Dodoma au Dar es Salaam, kwa kuwa tangazo huwafikia wote saa ileile kupitia simu. Zamani haikuwa hivyo. Aliyetafuta kazi alingoja gazeti lililofika limechelewa, akaandika barua kwa mkono, akaipeleka posta na kukaa akingoja. Umbali huo umefupishwa sana, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini tunaona pia kwamba wengi wa vijana wetu huanza kuhangaikia nyaraka zao siku tangazo linapotoka, na hapo ndipo wanapoachwa nyuma, ingawa simu wanayo mkononi.

Jambo hili linalihusu Kanisa. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa kitume Laborem exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba ukosefu wa ajira ni uovu, na kwamba wajibu wa kuukabili haumhusu mwajiri peke yake bali pia jamii na taasisi zake. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ni sehemu ya jamii hiyo.

Tuanze na majina, kwa sababu ndiyo yanayoponza wengi. Maombi ya kazi serikalini hupitia mfumo wa Ajira Portal unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwombaji hufungua akaunti yake kwa namba ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20. Majina yaliyo katika kitambulisho hicho, katika cheti cha kuzaliwa na katika vyeti vya shule yanapaswa kuwa mamoja. Kwa familia za Kikatoliki hapa ndipo penye mtego. Mtoto hupewa jina la ukoo nyumbani, akaandikishwa shule kwa jina hilo. Baadaye akabatizwa Maria au Yohane, na alipokwenda kujiandikisha NIDA akataja jina la ubatizo. Hakusema uongo hata kidogo, lakini mbele ya msimamizi wa usaili ni kana kwamba wamekuja watu wawili. Matangazo ya wito wa usaili huagiza kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na hati ya kisheria ya kubadili jina, iliyoandaliwa na mwanasheria na kusajiliwa. Hati hiyo haipatikani kwa siku moja. Anayeijua tofauti katika majina yake leo, aishughulikie leo. Nao wazazi wanaoleta watoto kwa ubatizo tunawasihi wahakikishe kwamba jina linaloingia katika kitabu cha parokia ndilo litakaloandikwa katika cheti cha kuzaliwa na shuleni. Cheti cha ubatizo kimekuwa msaada kwa wengi waliochelewa kuandikisha vizazi RITA, nacho husaidia pale tu kinapokubaliana na nyaraka nyingine.

Vyeti vyenyewe navyo vina masharti. Hati za matokeo za muda hazikubaliki. Hutakiwa vyeti halisi, na nakala zake zithibitishwe na mwanasheria. Inafaa kuvipiga picha kwa mashine ya kuskani, si kwa kamera ya simu juu ya kitanda chenye shuka la maua, kisha kuvihifadhi katika barua pepe yako mwenyewe. Simu ikiibiwa au ikitumbukia majini, vyeti vinabaki.

Tumesema barua pepe yako mwenyewe kwa makusudi. Wengi hufunguliwa barua pepe na akaunti ya maombi kwenye duka la steshenari, wakalipa, wakaondoka. Nenosiri limebaki katika daftari la mhudumu, na pengine namba ya simu iliyoandikwa ni ya mhudumu. Miezi mitatu baadaye wito wa usaili unatoka, mhudumu amekwisha kuhama, na mwenye haki hajui kama ameitwa. Si vibaya kutumia huduma ya steshenari, maana si kila mtu ana kompyuta. Ila kabla hujainuka kwenye kiti, andika nenosiri katika karatasi yako, hakikisha namba iliyosajiliwa ni yako, kisha ukifika nyumbani libadilishe.

Kuna kipengele kingine ambacho wengi hukijaza kwa haraka, nacho ni anuani ya makazi ya sasa. Katika miaka ya karibuni mitihani ya mchujo imekuwa ikifanyika mikoani, na mwombaji hupangiwa kituo kwa kufuata makazi aliyoyataja. Aliyesoma chuo Dar es Salaam na kuiacha anuani ya huko, ilhali amerudi Ilembo, aweza kujikuta akisafiri kuvuka nchi kwa mtihani wa saa chache. Nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa mwenyewe. Kubadilisha anuani huchukua dakika tano; gharama ya kutoibadilisha ni gunia zima la mahindi, au zaidi.

Kwa nafasi za mashirika na kampuni binafsi, yatosha kusema kwamba wasifu uwe mfupi na wa kweli, na barua iandikwe kwa ajili ya kazi ile, si kunakiliwa. Programu za akili unde zaweza kukusahihishia lugha au kukuuliza maswali ya mazoezi kabla ya usaili. Zikikuandikia barua nzima, utapeleka maneno yaleyale waliyopeleka mamia ya wengine, na utaulizwa juu ya sifa ambazo huna.

Sasa tuseme juu ya wezi. Penye njaa ya kazi, matapeli hawako mbali. Hutuma ujumbe kwamba umechaguliwa, wakiomba fedha ya fomu, ya vipimo vya afya, ya sare, au ya "mtu wa ndani". Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, nao uliweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mtafuta kazi. Tovuti za serikali yetu huishia na .go.tz, kiungo kilichosambazwa katika kundi la WhatsApp chenye mwisho mwingine kisipewe namba yako ya NIDA. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda 15040, na kwa kupiga *106# waweza kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ahadi za kazi za ng'ambo zinahitaji hadhari zaidi. Msichana anayeahidiwa kazi za ndani katika nchi za Ghuba na mtu aliyemjua mtandaoni, asiye na ofisi wala leseni, asimkabidhi pasi yake. Nchi yetu ina sheria dhidi ya biashara haramu ya binadamu tangu mwaka 2008, na Kanisa huwaombea waathirika wake kila tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Katika jumuiya zetu hakosekani mwalimu, muuguzi au mhasibu aliyekwisha kupita katika mfumo huu. Jioni moja baada ya sala, akae na vijana watatu au wanne na vyeti vyao, alinganishe majina herufi kwa herufi. Katekista aweza kusoma matangazo pamoja na tarehe ya mwisho, hasa vigangoni ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Mapadre na makatekista wetu nao huombwa mara nyingi kuwa wadhamini, maana maombi ya serikali hutaka wadhamini watatu. Waombwe ruhusa kwanza, na namba zao zihakikiwe kila unapotuma maombi mapya, kwani padre aliyekuwa paroko wenu mwaka juzi huenda amehamishwa na kubadili laini.